Bwawa Halina Kupwa

Sisi wa Gongoni tumekulia ubavuni mwa mashamba ya chumvi. Ukitoka Malindi kwa barabara ya Lamu, ukavuka daraja la Sabaki na kuipita Mambrui, unayaona upande wa baharini: viwanja vilivyogawanywa kwa matuta, na vilima vya chumvi vinavyoumiza macho saa sita mchana. Maji ya bahari huingizwa humo, jua likayapiga, kaskazi ikavuma juu yake, yakapaa. Chumvi haipai. Mtoto wa Gongoni hahitaji mwalimu wa sayansi kumweleza jambo hili: maji huondoka, kilichokuwamo hubaki.

Kwa hiyo kila Idi na kila Desemba naumia nikituona sisi hao hao kwenye bwawa la hoteli, Mambrui au Malindi, tumeisahau chumvi. Tunaruka majini na jasho la safari, mafuta ya nazi kichwani, vumbi la bodaboda miguuni na boksa chini ya kaptula, kana kwamba jioni kuna mtu atakayeyamwaga maji yote na kuteka mengine. Hakuna mtu huyo. Jua linapaisha maji ya bwawa kama linavyopaisha ya shamba la chumvi, mwenye hoteli anaongeza kidogo juu, na tulichokiacha sisi kinabaki.

Nadhani kosa letu lina asili. Wengi tulijifunza kuogelea baharini, Ngomeni au Mambrui, au kwenye vidimbwi vya mvua huku wazazi wakitukemea. Bahari ni mama mvumilivu. Hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, ikachukua mchanga, mate, damu ya kidole kilichokatwa na chaza, na mengine ambayo kila mtoto wa Pwani ameyafanya maji yakiwa kiunoni. Bwawa halina kupwa. Lina pampu inayovuta maji, chujio la mchanga linaloyapitisha, dawa inayotiwa, kisha maji yale yale hurudishwa mahali pale pale. Uliyorukia Idi mosi ndiyo atakayorukia jirani yako Idi pili.

Bibi yangu alikuwa na mtungi wa maji ya kunywa pembeni mwa mlango, na kata ya kifuu ikining'inia juu yake. Kuchovya mkono mtungini lilikuwa kosa kubwa kuliko kuvunja sahani. Ulichota kwa kata, ukamimina kwenye kikombe, na kata ikarudi msumarini bila kuguswa na mdomo. Bwawa ni mtungi tunaochovya mwili mzima, na tunachovya watu hamsini kwa pamoja. Basi haya ndiyo maagizo yangu ya kuchovya.

Anza nyumbani. Kama tumbo linaendesha, usitoke. Najua umeshalipa nauli, najua watoto wameimba bwawa wiki nzima, lakini hapa sina huruma. Klorini ya kiwango kizuri huua vijidudu vingi vya kuhara ndani ya dakika chache; lakini kipo kimoja, kriptosporidiamu, chenye ganda gumu, ambacho hukaa hai zaidi ya siku 7 katika maji yaliyotiwa dawa sawasawa. Mtu aliyeugua kwa kijidudu hicho anatakiwa akae mbali na bwawa wiki 2 nzima baada ya tumbo kutulia, kwa sababu mwili huendelea kukitoa hata yeye akijiona mzima. Na kwa kuwa hapa kwetu ni wachache wanaopimwa hadi kijidudu kikajulikana jina, mimi huhesabu wiki 2 kwa kuhara kokote kulikokuwa kukali. Mabwawa yatakuwepo mwezi ujao.

Ukifika, tafuta bafu kabla ya kutafuta kiti. Uoge. Namaanisha kuoga, mwili mtupu na sabuni, kwapani, makalioni, miguuni, kisha ndipo uvae vazi la kuogelea. Kusimama chini ya bomba ukiwa umeshavaa, maji yakakupitia mabegani kama mvua ya rasharasha, kunaosha mabega tu. Dakika moja ya maji yanayotiririka inatosha kuondoa sehemu kubwa ya jasho na uchafu unaokula dawa ya bwawa. Kule Iceland, ambako karibu kila mji una bwawa la maji moto, hupiti kwenda majini bila kuoga uchi kwa sabuni, na ukutani pana picha ya mwili inayoonyesha sehemu za kusugua. Wageni huona haya. Wenyeji hawana habari na haya ya mgeni.

Wala tusiseme hayo ni ya Wazungu. Nenda Gedi, karibu na Watamu, mji wa mawe ambao James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948 na ambao UNESCO iliutia katika urithi wa dunia mwaka 2024. Kando ya msikiti mkubwa pana kisima, mfereji na birika, na mawe ya matumbawe yaliyopachikwa sakafuni ili mtu asugue nyayo kabla ya kuingia. Misikiti mingi ya kale ya Pwani inayo mawe hayo. Unguja, Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga hamamu ya watu wote, na mtaa ule mpaka leo unaitwa Hamamni. Watu wa mwambao huu walijua zamani sana kwamba kwenye maji ya pamoja unaingia umeshajisafisha. Sisi ndio tuliousahau mlango wa bafu.

Mafuta yanastahili neno lake. Mafuta ya nazi, liwa usoni, losheni ya kukinga jua, hina iliyopakwa jana usiku kwa ajili ya arusi: vyote vizuri mwilini, na vyote huingia majini. Angalia ukingo wa bwawa saa kumi jioni siku ya Idi, pale maji yanapogusa vigae. Utaona mstari wa rangi ya chai ya maziwa, mzito kama kidole, unaoteleza ukiugusa. Huo ni sisi. Mtunza bwawa mmoja alinionyesha namna anavyousugua kila jioni kwa brashi, amepiga magoti. Kisha akakitoa kikapu cha kuchujia kilichofichwa chini ya kifuniko pembeni na kukipindua juu ya gazeti: bonge la nywele za rasta lenye ukubwa wa ngumi, plasta tatu, pini za buibui, kokwa za mabuyu zilizobaki na wekundu wake, na manyoya manyoya ya samawati ambayo sikuyatambua. “Jinzi,” akaniambia. “Hizo ni nyuzi za suruali ya jinzi.”

Hapo tumefika kwenye mavazi, na mavazi ndiyo yanayotugombanisha na walinzi wa mabwawa kuliko yote.

Boksa ni nguo ya ndani. Imekaa na wewe tangu alfajiri, imepanda matatu, imekunywa kila ulichotoka jasho, na ukiitumbukiza bwawani inakirudisha chote. Kuificha chini ya kaptula hakuibadilishi kabila. Nguo ya pamba, iwe tisheti, leso, au jinzi iliyokatwa magotini, inabeba vumbi na sabuni ya kufulia, inatoa rangi, inaacha nyuzi, na ikilowa inakuwa nzito kama gunia. Uzito huo unanitisha kuliko uchafu. Dera likilowa hujizungusha miguuni, na mama asiyejua kuogelea vizuri, aliyeingia kumfuata mtoto, hufungwa na nguo yake mwenyewe mbele ya macho ya watu. Nawaomba mama zangu na dada zangu: dera libaki kitini.

Vazi la kuogelea ni la kitambaa cha nailoni au poliesta chenye kuvutika, kisichonywa maji mengi, kinachobana mwili, na ambalo hukulivaa kuja nalo. Urefu wake ni juu yako na imani yako. Burkini, vazi lililobuniwa mwaka 2004 huko Sydney na Aheda Zanetti, Mwaustralia mzaliwa wa Lebanoni, limefunika kuanzia kichwa hadi kifundo cha mguu na ni la kitambaa kile kile cha kostumu nyingine. Kwa upande wa usafi halina kosa lolote. Mji wa Grenoble, Ufaransa, ulipoliruhusu katika mabwawa yake mwaka 2022, mahakama ya juu ya utawala ililizuia mwezi Juni mwaka huo huo. Hiyo ilikuwa vita ya siasa zao, na meneja wa hoteli ya Pwani asije akaiazima kwa jina la afya. Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi marefu kama hayo, na picha za masomo yao zilizopigwa na Anna Boyiazis zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Wasichana wale wanaelea chali, macho wameyafumba, na wamestirika kama mama zao walivyotaka. Nataka kuona hivyo Mambrui.

Na upande wa pili pia uguswe. Bikini kando ya bwawa ni vazi mahali pake. Bikini kwenye duka la viazi karai, karibu na msikiti, watu wanatoka sala ya alasiri, ni kuwakosea wenyeji. Leso moja begani inamaliza neno hilo, na kila mwenye duka Malindi anaziuza.

Nina donge moja kooni na nitalitoa hapa. Mwaka juzi mpwa wangu, mvulana wa miaka kumi na miwili, alizuiwa kuingia kwenye bwawa la hoteli ambayo siitaji kwa sababu alivaa jinzi iliyokatwa. Mlinzi alikuwa na haki. Lakini hakumweleza sababu. Alimwashiria kwa mkono tu, kama unavyomfukuza kuku. Kibao cha sheria kilikuwepo, kimeandikwa Kiitaliano na Kiingereza. Wakati mtoto analia, mgeni mmoja wa Kiitaliano aliyejipaka mafuta ya jua hadi aking'aa alipita mbele yetu akashuka majini bila kugusa bomba, na hakuna aliyemwambia neno. Kule Italia mabwawa mengi ya umma hayamruhusu mtu kuingia bila kofia ya kuogelea, mwenye nywele na mwenye kipara, kwa hiyo sheria si kitu kigeni kwake. Wenye mahoteli, andikeni vibao kwa Kiswahili, andikeni sababu, na mwambieni kila mtu. Sheria inayomwona mtoto wa Gongoni peke yake itakuja kuvunjwa kwa makusudi, na hasara itakuwa ya maji.

Sasa mkojo. Nitakaa hapa kidogo.

Wengi huamini klorini inaua mkojo. Hata Michael Phelps, bingwa wa Olimpiki, alisema mwaka 2012 kwamba waogeleaji wote hukojoa bwawani na kwamba klorini huumaliza. Anajua kuogelea kuliko sote, lakini hapo aliteleza. Klorini huua vijidudu. Mkojo si kijidudu. Klorini ikikutana na mkojo na jasho huungana navyo na kuzaa kemikali nyingine, kloramini, na hizo ndizo zinazochoma macho, kukwaruza koo na kumfanya mwenye pumu akohoe. Ile harufu kali tunayoisifu tukisema “hapa kuna dawa” ni harufu ya dawa iliyokwisha kuchoka kwa mikojo yetu. Bwawa safi halinuki sana. Na mtoto akitoka na macho mekundu kama pilipili, usiilaumu hoteli kwamba imezidisha dawa kabla hujajiuliza watu wangapi wametoka majini kwenda msalani tangu asubuhi.

Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walipata njia ya kupima jambo hili. Ipo sukari bandia inayotiwa katika vinywaji na vyakula vingi, ambayo mwili hauimeng'enyi. Inaingia ilivyo na kutoka ilivyo. Walichukua sampuli za mabwawa na vidimbwi vya maji moto 31, wakaikuta kote, na mwaka 2017 walikadiria kwamba bwawa moja la lita 830,000 lilikuwa na lita 75 za mkojo. Chukua madumu ya lita ishirini, yale ya njano, yajaze matatu na la nne robo tatu. Yapange ukingoni. Uyatazame. Kisha umwambie mwanao aingie.

Ile rangi ya kichawi inayosemekana hugeuka buluu mtu akikojoa haipo, ni hadithi ya kuwatishia watoto. Kwa hiyo hatuna cha kututaja isipokuwa dhamira. Waislamu wenzangu wanajua Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kukojoa katika maji yaliyosimama kisha mtu akayaoga. Jambo hili lilifundishwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya pampu ya kwanza ya bwawa. Nenda msalani kabla ya kuingia, na kila saa moja watoe watoto wote waende, hata anayeapa hana haja. Anayeapa ndiye mwenye haja.

Watoto wa daipa: daipa ya kawaida hunywa maji ya bwawa ikavimba kama boga, halafu hupasuka. Zipo za kuogelea, lakini hata hizo huzuia kinachoonekana tu, uharo hupita. Mbadilishe msalani, usimbadilishe kwenye kiti kinacholaliwa na watu kando ya maji. Na ajali ikitokea, tafadhali useme. Usimbebe mtoto ukaondoka kimya. Kinyesi kigumu kikiondolewa na dawa ikapandishwa, bwawa hurudi kazini baada ya kama nusu saa. Cha majimaji huhitaji dawa kali kwa karibu saa 13, maana yake siku imekwisha. Nimewahi kumwona mama akinyoosha mkono akasema mbele ya watu wote, “Jamani, tokeni, mwanangu amechafua.” Nilimheshimu kuliko waliomcheka.

Mwenye kidonda kibichi asubiri kipone. Plasta itaelea tu. Mwenye fangasi za miguu avae kandambili mpaka ukingoni na asiazime za mtu. Dada aliye katika hedhi ajue taulo ya kawaida haifanyi kazi majini. Avae tamponi au kikombe cha hedhi, au akae kivulini siku hiyo, na asiulizwe kwa nini hakuingia. Nywele ndefu na rasta zifungwe, vizuri zaidi zifunikwe kofia. Maji yakiingia mdomoni, yatemee mferejini, na makamasi vivyo hivyo. Mabuyu yaliwe mbali, na mikono mekundu ioshwe kabla ya kurudi.

Na kabla ya yote, lichunguze bwawa lenyewe, maana si kila kosa ni la muogeleaji. Simama ukingoni upande wa kina kirefu. Kama hulioni vizuri tundu la kutolea maji pale chini kabisa, usiingie, kwa sababu mtu akizama hataonekana pia. Gusa vigae, vikiteleza, chujio limelala. Muulize mtunza bwawa amepima saa ngapi. Aliyenionyesha kikapu alikuwa na kisanduku kidogo chenye vichupa viwili: alichota maji kwa kina cha kiwiko, akatia matone, upande mmoja ukageuka njano, wa pili ukawa mwekundu wa waridi, akalinganisha na rangi zilizochapwa pembeni. Klorini isishuke chini ya miligramu 1 kwa lita, na kipimo cha ukali wa maji, pH, kikae kati ya 7 na 7.8. Jua letu huila klorini haraka, ndiyo maana yeye hutia jioni na kupima tena asubuhi. Dawa yenyewe ni ya nyumbani: chumvi ni sodiamu na klorini, na yapo mabwawa yanayotiwa chumvi tupu, mashine ya umeme ikaitenga klorini humo humo. Kinachochotwa Gongoni kinaweza kutulinda macho Malindi, tukikiachia nafasi.

Kumkosoa mwenzako kuna lugha yake. Usimpigie mtu kelele mbele ya wanawe. Msogelee, umwamkie, “Shikamoo mzee wangu, bafu liko pale nyuma ya mnazi, maji yake ni baridi mazuri.” Kijana mwambie, “Kaka, boksa inaonekana, nenda ukavue urudi, tutakulindia viatu.” Sijakutana na mtu aliyekataa akiambiwa hivyo. Kostumu za kukodi zinazotundikwa nje ya mageti siku za sikukuu, mimi nasema ziacheni. Na aliyelazimika, aifue kwa sabuni, aikamue, aianike juani hadi ikauke kabla haijamgusa. Yako ukirudi nayo nyumbani isuuze kwa maji ya kawaida usiku huo huo. Usiilaze ndani ya mfuko wa plastiki hadi wikendi ijayo.

Idi iliyopita mpwa wangu yule alikuwa na vazi lake, la buluu, lililomfika magotini. Aliwapanga binamu zake saba kwenye mlango wa bafu la nje, mdogo mbele mkubwa nyuma, akashika sabuni yeye. Kila aliyesimama chini ya bomba alihesabiwa kwa sauti hadi sitini, na aliyeruka hesabu alianzishwa upya. Yule wa miaka minne alifika ishirini na tisa, akatazama juu, povu machoni, akauliza ni kipi kinachofuata.

“Thelathini,” wakamjibu wote kwa pamoja, na bomba likaendelea kumwagika.